Kijana wa Shaoxing Jikoni Kwangu

Mke wangu ana nyimbo nyingi kifuani, na karibu zote nimezitia mimi. Kwa mshahara mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa wito ni mwalimu wa kwaya. Jumatano na Jumamosi jioni nasimama mbele ya watu wazima wenye ndoa na mashamba yao, kanisani kwetu Bagara, hapa Babati, naandika do-re-mi ubaoni, nagonga meza kwa rula, na nikisikia sauti moja imeteleza kidogo tu nasimamisha wote. Mke wangu yuko sauti ya kwanza. Yeye ndiye anayeanza, wenzake wanamfuata. Tulikutana humo kwenye kwaya, tukaoana humo, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akiimba kitu jikoni nisichojua kimetokea wapi.

Kwa hiyo jioni ile niliporudi kutoka shuleni, nikamkuta ameinamia beseni anaosha chainizi huku akiimba, nilisimama uani na begi likiwa bado begani. Wimbo haukuwa wa kwetu. Haukuwa wa kanisa lolote ninalolijua, haukuwa wa redioni, haukuwa hata mmoja wa zile nyimbo za Kiiraqw anazoimba mama yake akipalilia. Sauti ilipanda, ikakaa juu kidogo, kisha ikashuka polepole kwa kuteleza, ikapita katikati ya noti na noti, pale ambapo huwa simruhusu mwanakwaya yeyote akanyage. Na alikuwa anatabasamu peke yake.

"Huo wimbo kakufundisha nani?" nikauliza.

"Wimbo gani?" akasema, akamwaga maji.

Mtu mwingine angecheka akaingia ndani. Mimi sikulala vizuri. Nina wivu, nasema wazi, na sioni sababu ya kuupamba. Kuna wanaume wanaona wivu mke akichekewa na muuza nyama. Mimi mke wangu anaweza kuchekewa na bucha nzima, nikanyamaza. Ila asiimbe wimbo ambao sijui ametoa wapi.

Nieleze habari ya chainizi, maana ndiyo iliyotuletea mambo haya. Tuna bustani Nakwa, na mke wangu alikuwa akiuza mboga sokoni kama wenzake. Siku moja mpishi wa kambi ya Wachina waliokuwa wakijenga barabara alikuja sokoni mwenyewe badala ya kutuma dereva. Mwanamke wa makamo, nywele fupi, gambuti miguuni. Akapita meza zote akivunja vikonyo vya mboga na kuvinusa, wauzaji wakimlalamikia, mpaka akafika kwa mke wangu, akavunja, akanusa, akanunua zote. Kesho yake akataka kuiona bustani. Wiki iliyofuata mke wangu akawa anapeleka kambini kila asubuhi kwa bodaboda: chainizi, figili, giligilani, vitunguu majani. Mwanzoni alikuwa akirudi mapema. Baadaye akawa anarudi mchana. Baadaye tena, mimi ndiye niliyekuwa natangulia nyumbani, nakuta ugali umefunikwa sahani, umepoa, na jikoni hakuna mtu.

Biashara ni biashara.

Kilichonifumbua macho ni simu. Binti yetu, ambaye yuko kidato cha tatu na hawezi kukaa na simu ya mtu bila kuipekua, alikuwa sebuleni na simu ya mama yake, mara nikasikia sauti ya mke wangu ikitoka humo inaimba wimbo uleule wa kuteleza. Akamaliza mstari wake. Na hapo sauti nyingine ikamjibu.

Ilikuwa sauti ya mwanaume. Haikuwa nene. Ilikuwa ya kijana, nyororo, imejaa pumzi, isiyo na haraka. Ilikaa palepale panapokaa sauti yangu mimi, sauti ya tatu, ile ya wanaume wasiofika chini. Nimeimba na mke wangu kutoka sehemu hiyo tangu uchumba. Ni kiti changu, na sasa nilikuwa namsikia mtu amekikalia, ametulia, amekunja nne.

"Zima," nikamwambia binti.

Mama yake aliporudi nilimuuliza bila kuzunguka. Akanijibu bila kuzunguka pia: "Ni dada mpishi."

"Mpishi wa kiume?"

"Nimesema dada."

Sikuamini hata neno moja. Asubuhi iliyofuata alisahau fungu la figili kwenye benchi, na sijawahi kuzishukuru figili kama siku ile. Saa ya mapumziko niliaga ofisini, nikapanda bodaboda na figili zangu mapajani mpaka kambini.

Sikufika getini. Niliwaona kwa mbali wanatoka, mke wangu na yule mwanamke wa gambuti, wanatembea polepole kuelekea barabara kuu. Nikateremka nyuma ya greda lililoegeshwa. Walifika barabarani, wakasimama, wakazungumza kwa mikono na kwa Kiswahili kifupi kifupi. Nikadhani wanaagana. Kumbe wakageuka wote wawili, mke wangu akamrudisha yule mpishi mpaka getini. Pale getini wakasimama tena, wakacheka, wakageuka, mpishi akamrudisha mke wangu barabarani.

Sisi huku mgeni haagwi mlangoni. Unamsindikiza. Mtu wa kawaida unamfikisha kwenye kona, mtu wa heshima unamfikisha kituoni, na mtu unayempenda huwezi kumwacha, mnasindikizana, huyu anamrudisha yule na yule anamrudisha huyu, mpaka watu wenye kazi zao wawacheke. Hivyo ndivyo nilivyomsindikiza mke wangu enzi za uchumba, kutoka kanisani mpaka kwao na kurudi nusu njia. Siku hizi nikitoka asubuhi kwenda kazini, ananiambia "haya, kazi njema" akiwa jikoni, uso haunyanyui.

Niliwatazama wanakwenda na kurudi, nikihesabu safari zao.

Mwishowe mwenye bodaboda aliniuliza kwa sauti, "Mwalimu, ndo tunajificha au?" wakageuka, wakaniona. Nikajitokeza na figili. Mpishi akazipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Mama nasema wewe mwalimu ya kuimba," akasema.

"Marahaba," nikaitika, ingawa tulikuwa kama rika moja.

"Imba," akasema.

Yaani pale, kando ya barabara, jua la utosi, malori yanapita. Nikamwambia nina kikohozi. Yeye hakuwa na kikohozi. Alipeleka mguu mmoja mbele, akanyoosha shingo, mkono wake wa kulia ukafunguka taratibu kama umeshika kipepeo, na mbele yangu pakasimama kijana wa miaka ishirini, msomi, mwana wa watu, anayejua kwamba ni mzuri. Akaimba ile sauti ya kwenye simu. Gambuti sikuziona tena. Na mke wangu, mwanamke niliyemfundisha kusimama wima na kutazama mbele, aliinamisha macho pembeni kama msichana anayetongozwa, akamjibu.

Nilirudi shuleni, nikafundisha hesabu za sehemu vibaya sana.

Jioni binti yangu ndiye aliyenifafanulia, maana alishaanza kuyafuatilia hayo mambo mtandaoni. Alinionyesha video: mabinti na vijana katika mavazi ya hariri, mikono ya nguo mirefu mpaka chini, nyuso zilizopakwa poda na rangi ya waridi. Mpishi alitoka vijiji vya Shaoxing, jimbo la Zhejiang, kusini-mashariki mwa Uchina, na opera ya kwao inaitwa Yueju. Ilianza kwa wakulima wa kiume waliokuwa wakiimba vijijini. Baadaye ikaingia mjini Shanghai na wanawake wakaichukua yote.

"Hao wote ni wanawake, Baba," binti akasema. "Hata huyu hendsamu hapa. Wanawafundisha toka wadogo kutembea kiume, kucheka kiume, kumwangalia demu kiume. Mpishi naye alikuwa kwenye kikundi cha kijijini kwao kabla ya kuolewa. Alikuwa anaimba sehemu ya kijana. Mama anaimba ya binti."

Ungedhani nilifarijika. Wala. Angekuwa mwanaume, ningejua pa kuanzia: unaita wazee, unamwona mchungaji, au unamfuata mwenyewe mkamalizana. Lakini ningekwenda kwa mchungaji nimwambie nini? Kwamba mke wangu ana rafiki wa kike na wanaimba? Angenipa pole kwa kukosa la kufanya. Na mimi nilijua nilichosikia. Mke wangu alikuwa akimwimbia yule kijana kwa namna ambayo hajawahi kuniimbia mimi, na nilikitaka kitu hicho kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kwake. Hilo tu. Nilitaka aniimbie mimi hivyo, japo mara moja.

Nikaamua kumjua adui. Kwa muda mrefu vocha zangu zote ziliishia kwenye opera za Wachina, na nilikuwa nikijifungia stoo ya vitabu shuleni kuzisikiliza. Nilianza na ya Beijing, kwa kuwa ndiyo yenye jina. Hiyo inakuingilia kwa vishindo, upatu na matuazi, na fidla ndogo ya nyuzi mbili inayopiga kelele kama mlango mkavu. Nyuso wanazipaka rangi: nyekundu ni mtu mwaminifu, nyeusi ni mtu wa haki, nyeupe ni mjanja asiyefaa. Huko zamani wanaume ndio walioimba sehemu za kike. Yaani kaskazini wanaume waliwanyang'anya wanawake, na kule Shanghai wanawake wakalipiza, na fidia nikawa nalipa mimi wa Babati.

Nikasikiliza Kunqu, ya upande wa Suzhou, kongwe kuliko ya Beijing, inayokwenda na filimbi ya mwanzi. Hiyo ni polepole mno. Unaweza kutoka ukanywa chai, ukarudi ukakuta bado yuko kwenye neno lilelile. Ya Sichuan ina watu wanaoitikia kwa nyuma, hawaonekani, na ina wachezaji wanaobadilisha sura kufumba na kufumbua. Ya Guangdong, kule pwani ya kusini, iliingiza mpaka fidla za kizungu na saksafoni. Huangmei ya Anhui inasemekana ilitokana na nyimbo za wachuma chai, na kweli, ukifumba macho unasikia watu wa shamba. Na kuna Qinqiang ya Shaanxi, ambayo nilikuwa na matumaini nayo, kwa sababu wanaiimba kwa kunguruma mpaka mishipa ya shingo inasimama, na mapigo yake ni ya vipande vya mbao. Niliwaza kwamba mke wangu akiisikia hiyo, ile ya kuteleza itamtoka kichwani. Nikaipiga mezani wakati wa chakula cha mchana.

"Zima, Mwalimu," akasema. "Jirani atadhani unachinja."

Nilijaribu pia kuuandika ule wimbo wao kwa do-re-mi, nikitegemea kwamba nikiupata ubaoni utakuwa wangu. Haukuandikika. Kila nilipoweka fa, sauti yake ilikuwa imeshaondoka kwenye fa, iko njiani, haijafika popote.

Halafu ugonjwa ukaingia kwenye kwaya. Jumamosi moja, katikati ya wimbo wa mavuno nilioutunga mwenyewe, nikasikia mtelezo. Nikagonga meza. "Nani huyo?"

Besi wakatazamana.

"Ni mimi, Mwalimu," mke wangu akasema, mbele ya wote.

"Rudia."

Akarudia, sawasawa kabisa, kama nilivyoandika. Lakini Jumapili, kwenye ubeti anaoimba peke yake, ambapo siwezi kusimamisha ibada nikagonga meza, aliteleza tena kwa makusudi. Alishika noti ya juu, akaiachia ishuke taratibu kama mtu anayeachia mkono wa mwenzake. Kina mama benchi za mbele wakatoa leso. Mzee mmoja wa kanisa ambaye husinzia tangu somo la kwanza aliamka. Na baada ya ibada walinijia mlangoni mmoja baada ya mwingine, wananishika mkono wangu mimi: hongera Mwalimu, mama siku hizi anaimba jamani, Mwalimu umemfanya nini?

Nilipokea hongera za kazi ya mtu mwingine, nikasema asante, asante, tumshukuru Mungu.

Nyumbani nikamuuliza: "Unamwimbia nani?"

"Naimba tu."

"Hapana. Mimi nimekufundisha miaka yote hii, hukuwahi kuimba hivyo."

Akafikiri, maana si mtu wa kujibu ovyo. "Wewe ukinifundisha unaniambia nimekosea wapi," akasema. "Yule ananiuliza huyu binti anaogopa nini."

Nilikwenda kuangalia kama mlango wa banda la kuku umefungwa, na ulikuwa umefungwa.

Barabara ikaisha, kama kila barabara. Kambi ilikuwa ihame kwenda mkoa mwingine, na Wachina wakaalika majirani kwenye sherehe ya kuaga, Jumamosi mchana, palepale kwenye uwanja wao wa zege. Mke wangu akaniambia ataimba na mpishi. Hakuniomba ruhusa, alinitaarifu. Akaongeza kwamba mpishi anatuomba na sisi wawili tuimbe wimbo wa kwetu.

"Atakuwa anataka kulinganisha," nikasema.

"Anataka kukusikia. Toka siku ile ya kikohozi."

Nikavaa suti. Nilipanga kila kitu: wimbo wetu wa harusi, sauti mbili, ule ninaouamini kuliko zote. Tuliimba mbele ya vibarua, madereva, mtendaji wa kata, wanakwaya wenzetu na Wachina waliokaa mstari wa mbele kwenye viti vya plastiki. Hatukukosea popote. Nilisikiliza kwa sikio la mwalimu na sikupata kosa hata moja. Watu wakapiga makofi, makofi mazuri ya adabu, kisha wakaendelea na soda zao.

Baada yetu wakaanza kutaniana wenyewe. Dereva mmoja wa lori kutoka Shaanxi, mtu mnene mwenye kifua cha pipa, alisimama akatangaza kwa Kiswahili, ili tusikie wote: "Ya Shaoxing uji! Ya kwetu nyama!" Akanguruma Qinqiang yake huku mwenzake akimgongea benchi kwa vipande viwili vya mbao. Mpima ardhi wa Sichuan naye akaja na vinyago vya kitambaa amevipachika kichwani, vya kuvutwa kwa uzi. Cha kwanza kikatoka, cha pili kikakwama puani, akamaliza onyesho na sura mbili kwa pamoja, vibarua wakamshangilia kuliko kama angefaulu. Kila mmoja alikuwa akiuonea wivu mkoa wa mwenzake, na kwa kitambo nikajisikia niko na ndugu zangu.

Kisha wakaweka meza moja na viti viwili, na mke wangu akatoka na mpishi.

Mke wangu alikuwa amevaa gauni la kitenge, na kwenye mikono yake ameunga vitambaa vyeupe virefu vinavyoburuza. Nikavitambua. Lilikuwa pazia letu la sebuleni, ambalo nilikuwa nikiliulizia tangu mwanzo wa wiki. Mpishi alivaa kanzu ya buluu na kofia ya karatasi ngumu. Alipiga hatua ya kwanza, na wale vibarua waliomzoea akiwagawia wali wakaweka soda chini.

Kipande chenyewe ni chepesi. Kijana anakwenda mji mkuu kufanya mtihani wa kuwa ofisa wa mfalme, na binti anamsindikiza. Wanazunguka ile meza, na kila wakizunguka wamevuka kijiji. Binti anataka kuuliza kama atarudi. Hathubutu. Anauliza kama viatu vinambana. Wanazunguka tena, anauliza kama amebeba nguo nzito, huko kuna baridi. Maneno yalikuwa ya Kichina chao, lakini binti yangu alitusomea simuni tafsiri ya mistari michache mwanzoni, na baada ya hapo hatukumhitaji. Kusindikiza tunakujua. Kina mama wa kwaya yangu, wale wale ninaowakataza kutikisika, walianza kupiga kelele.

"Msindikize, mama! Usimwache hapo!"

"Bado karibu! Mfikishe mtoni!"

"Muulize! Muulize tu!"

Mke wangu alipanda kwenye ile noti ya juu, akaikamata, na Wachina wote wakapaza sauti katikati ya wimbo, "Hao!", yaani vizuri, ndivyo vigelegele vyao, na kina mama wakajibu kwa vigelegele vyetu, wakatoka na vitenge wakawazunguka. Kwenye opera ya kwao hakuna mtu anayeingia jukwaani hivyo. Nilimwona mpishi anashtuka. Kisha akaacha ile ishara yake ya kushika kipepeo, akampa mke wangu mkono katikati ya kelele zote zile, na akamwimbia mstari wake taratibu, yeye peke yake. Mke wangu akamtazama. Nimeishi na uso ule miaka mingi, nimeuona ukizaa, ukizika, ukiniomba nisinunue pikipiki. Ule mtazamo sikuwahi kuuona.

Nilimchukia yule kijana asiyekuwepo, nikakalia mikono yangu.

Dereva wa Shaanxi, aliyekuwa pembeni yangu, aliniegemea. "Nzuri," akakiri. "Ya kwetu nzuri zaidi." Nikamwambia namwelewa kabisa.

Waliondoka Jumatatu. Mke wangu alikwenda kambini alfajiri na kapu, akarudi kabla sijaenda kazini, akanawa uso, akaniandalia chai. Mchana nilikuta ugali wa moto. Kesho yake pia wa moto. Simu yake ikawa inakaa mezani kimya, na kwenye kwaya hakuteleza tena. Aliimba kila kitu nilichoandika, hakuongeza, hakupunguza. Jumapili watu wakasema ameimba vizuri na wakauliza kama anaumwa. Nilikuwa nimerudishiwa mke wangu mzima, sauti yote, na nilikuwa nikigonga meza kwa hasira bila kujua nigonge kosa lipi.

Basi nikajifunza sehemu ya kijana. Nilichukua ile rekodi kwenye simu yake, nikawa nabaki darasani watoto wakishaondoka. Sikuandika do-re-mi safari hii. Nilisikiliza na kuigiza, nikasikiliza na kuigiza, maneno nisiyoyajua nikayapanga mdomoni yakakaa. Nikajizoeza kuteleza, mimi, niliyefukuza watu kwaya kwa kuteleza. Nikajizoeza hata mkono. Mlinzi wa shule alinikuta siku moja nimepeleka mguu mbele, nimenyoosha shingo mbele ya madawati matupu, akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia ni wimbo wa Krismasi.

Jumapili moja baada ya ibada mke wangu alikuwa ameketi jikoni kwenye kigoda, anachambua maharage. Binti yetu alikuwa ametoka. Nikamsikia mama yake ameanza, kwa sauti ya chini, mstari wa yule binti wa opera. Akauliza viatu. Akauliza nguo nzito. Akafika mahali pa kijana kujibu, akanyamaza, na hapo nikaingia.

Niliimba vizuri. Sisemi kwa majivuno, nasema kama mwalimu. Nilipita kila mtelezo, pumzi ikatosha, mkono ukafunguka wenyewe. Mke wangu alinyanyua uso akanisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiwa ndani ya maharage.

"Umejifunza," akasema.

"Ndiyo."

"Umeipata yote."

"Basi tuimbe wote. Anzia kwenye viatu."

Aliangalia ungo, akatoa jiwe dogo, akalitupa. "Hapo panaimbwa na mwanamke, Mwalimu," akasema, kwa upole kabisa, kama ninavyomwelekeza mtu wa besi aliyeingia mstari usio wake.

Kisha akaanza tena, tangu mwanzo. Alipofika pale pa kijana akanyamaza, kidole kikigonga ukingo wa ungo kuhesabu mapigo, uso ameugeuzia pembeni kidogo, macho chini. Nami nikasimama mlangoni, nyumbani kwangu, nikisubiri pamoja naye zamu ya mtu mwingine ipite.